Formula One kwa mfuko wa Piana-Mwanga

Ukiipima wikendi ya Formula One kwa muda magari yanapokuwa barabarani, si ndefu kama inavyotangazwa. Ijumaa kuna mazoezi mara mbili, saa moja kila mara. Jumamosi yanafuata mazoezi ya tatu, saa moja tena, kisha mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, ambao kwa taratibu za 2025 ulikuwa wa vipindi vitatu vya dakika 18, 15 na 12. Ukihesabu na mapumziko, mchujo unakula kama saa nzima. Jumapili ni mbio zenyewe, za kilomita 305 na kitu, ambazo haziruhusiwi kuendeshwa zaidi ya saa mbili. Jumla ni kama saa sita, kuanzia gari la kwanza kutoka gereji Ijumaa hadi bendera ya miraba Jumapili.

Mtu aliye Piana-Mwanga, katika mkoa wetu wa Tanganyika, Kongo, upande wa Kalemie, ana njia kadhaa za kuzipata saa hizo. Anaweza kufunga dishi na dekoda nyumbani, kwenda ukumbi wa video, kutazama kwenye simu kwa mega za intaneti, au kusikiliza tu na kusoma matokeo. Wengi huuliza ipi ina bei nafuu, wakajibiwa haraka, wakajuta mwisho wa mwezi. Mimi ningeanza kwa kuuliza ni saa zipi kati ya hizo sita zinazostahili hela yako, maana kwetu gharama kubwa mara nyingi haiko kwenye picha. Iko kwenye umeme wa kuiwasha hiyo picha.

Jina lenyewe la Piana-Mwanga linanifanya nicheke kidogo. Ndilo jina la mtambo wa umeme wa maji kwenye Mto Luvua, uliojengwa enzi za Wabelgiji ili kulisha machimbo ya bati ya Manono. Leo mtu anatamka jina hilo huku akipima petroli kwa chupa kando ya barabara.

Kabla ya hesabu, tukubaliane jambo moja. Bei nitakazotaja za lita, giga, kiingilio na malipo ya mwezi nimezichagua ili tuweze kupiga hesabu. Bei ya petroli inapanda na kushuka kulingana na hali ya barabara na mzigo uliofika bandarini, na faranga yetu nayo haikai mahali pamoja. Wewe weka bei ya kwenu, njia ya kuhesabu haitabadilika. Tuseme petroli ni faranga 4,000 kwa lita, giga moja ya intaneti 3,000, kiingilio cha ukumbi 1,000 kwa kila onyesho, na abonema ya mwezi yenye chaneli ya mbio 50,000.

Tuanze na dishi. Katika nchi zetu zinazozungumza Kifaransa, mbio hizi huonyeshwa na Canal+, na ndiyo dekoda utakayoikuta Kalemie mjini. Kosa la kwanza la mnunuzi ni kulipia formule (kifurushi) ya chini akidhani michezo yote imo. Muulize muuzaji swali moja tu kabla hujatoa hela: Jumapili hii, mbio ziko chaneli namba ngapi, na chaneli hiyo imo kwenye formule hii? Akianza kuzunguka na maneno, mwambie aiwashe uione.

Kosa la pili ni tarehe ya kulipa, na hapa ndipo watu wanapopoteza hela nyingi bila kujua. Abonema ni ya siku 30, lakini mbio hazigawanyiki sawasawa kwa mwezi. Chukua kalenda ya 2025, iliyokuwa na mbio 24. Hungary ilikuwa tarehe 3 Agosti, kisha madereva wakaenda likizo hadi Zandvoort, Uholanzi, tarehe 31 Agosti. Aliyelipa tarehe 4 Agosti alipata mbio moja kwa faranga zake 50,000. Aliyevumilia hadi tarehe 29 Agosti alipata Zandvoort, Monza tarehe 7 Septemba na Baku tarehe 21 Septemba, yaani mbio tatu kwa hela ileile. Na aliyelipa tarehe 8 Novemba ndiye aliyefaidi kupita wote. Alipata São Paulo kesho yake, kisha Las Vegas, Qatar, na Abu Dhabi tarehe 7 Desemba, ambako Lando Norris alichukua ubingwa akiwa na pointi 423 dhidi ya 421 za Max Verstappen. Hizo ni mbio nne, kila moja 12,500, na ya mwisho ndiyo iliyoamua msimu mzima. Kwa hiyo weka kalenda ya mwaka mbele yako, tafuta siku 30 zenye mbio tatu au nne, ulipie hizo. Miezi mingine iache dekoda izime. Haiozi.

Sasa umeme. Kama nyumba yako ina waya wa SNEL, shirika la umeme, na waya una moto, ruka sehemu hii. Wengine tupige hesabu ya jenereta. Kajenereta kadogo, kale kanakobebwa kwa mkono mmoja, kanakunywa kama nusu lita kwa saa hata ukikapa mzigo mdogo wa televisheni na taa. Saa sita ni lita tatu, faranga 12,000 kwa wikendi, bila oili ya kuchanganyia. Kwa mwezi wenye wikendi mbili hiyo ni 24,000, karibu nusu ya abonema yenyewe. Ukiacha mazoezi yote matatu, ukawasha kwa mchujo na mbio tu, unabaki na saa tatu, lita moja na nusu, faranga 6,000.

Je, mazoezi yanafaa kutupwa? Kwa mtu wa kawaida, ndiyo, na nasema hivyo nikijua mashabiki watanuna. Ijumaa timu zinapima matairi, zinabeba mafuta mengi kisha machache, na muda unaouona kwenye ubao haukuambii nani atashinda. Dereva anaweza kuwa wa kwanza Ijumaa na wa saba Jumamosi, na hakuna aliyedanganya. Wikendi zenye mbio fupi za Jumamosi ni jambo lingine. Mwaka 2025 zilikuwa sita. Mazoezi huwa mara moja tu, halafu Ijumaa hiyohiyo kuna mchujo wa mbio fupi, na Jumamosi mbio fupi zenyewe za kilomita 100, ambazo huisha kwa kama nusu saa na zina pointi zake. Wikendi kama hiyo, ukiwa na lita chache, ndiyo ya kuziwashia.

Tena mbio hazilingani kwa kiu ya jenereta, jambo ambalo sijaona mtu akiliweka kwenye hesabu. Monza ya 2025 ilikwisha kwa saa 1, dakika 13 na sekunde 24, mbio za kasi kuliko zote katika historia ya mashindano haya. Singapore ni mtaa wa kona nyingi. Mwaka 2022 mvua ilipoingilia, mbio ziligonga ukomo wa saa mbili. Monza basi ni kama lita 0.6, na Singapore inaweza kufika lita nzima. Halafu kuna Spa-Francorchamps, kwa Wabelgiji, ambako mvua ya milimani haina mwenyewe. Tarehe 29 Agosti 2021 mbio zilipangwa kuanza saa tisa alasiri. Mvua ikanyesha. Magari yakatoka, yakarudi, yakasubiri zaidi ya saa tatu, kisha yakazungushwa mizunguko michache nyuma ya gari la usalama na mambo yakafungwa hapo. Hakuna aliyempita mwenzake, Verstappen akapewa ushindi, na pointi zikagawiwa nusu. Aliyekuwa na jenereta siku hiyo alichoma karibu lita mbili kutazama watu waliovaa makoti ya mvua. Mwaka 2025 palepale Spa kuanza kulicheleweshwa dakika 80. Kwa hiyo ukisikia asubuhi kwamba Ubelgiji kuna mawingu, usiwashe hadi upate habari kwamba magari yamejipanga.

Saa zenyewe zinatufaa kuliko tunavyodhani. Kalemie inafuata saa ya Lubumbashi, ambayo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ni sawa kabisa na saa ya Brussels na Monaco. Mbio nyingi za Ulaya basi zinaanza saa tisa alasiri yetu, ibada imekwisha, watu wamekula. Suzuka ya Japani huanguka saa moja asubuhi, Melbourne na Las Vegas saa kumi na mbili alfajiri, saa ambayo jenereta likiunguruma jirani atakuja mwenyewe mlangoni. Mwaka 2025 Austin ilikuwa saa tatu usiku na Mexico saa nne, na kesho yake Jumatatu.

Lakini kama utanunua kitu kimoja kwa ajili ya mbio hizi, nunua betri na paneli kabla ya jenereta. Televisheni ndogo ya LED inakula wati 30 hivi, dekoda 15. Ukiongeza kinachopotea kwenye inveta, unafika 55. Mchujo na mbio, saa tatu, ni wati-saa 165. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina 600, na ya risasi usiitoe zaidi ya nusu kama unataka ikae, yaani una 300 za kutumia. Zinatosha na kubaki. Paneli ya wati 100 inaweza kurudisha hizo kwa siku moja ya jua zuri. Na angalia majira: mbio za Ulaya, ambazo mwaka 2025 zilikuwa kuanzia Mei hadi mwanzo wa Septemba, zinakuja wakati wa kiangazi chetu, anga liko wazi. Za Oktoba hadi Desemba zinakuja na mvua, paneli inachoka, na radi ikikaribia picha ya dishi inakatika. Betri hiyo pia itawasha taa na kucharji simu za nyumba nzima wiki yote, kwa hiyo si haki kuibandika gharama yote kwa Formula One. Kama unaweza kupata televisheni inayokubali volti 12 moja kwa moja, chukua hiyo, uache inveta dukani.

Ukichanganya yote, mwenye dekoda na jenereta anayewasha kwa mchujo na mbio tu katika mwezi wa wikendi mbili analipa 50,000 na 12,000, jumla 62,000, au 31,000 kwa wikendi. Wakiwa sita wanaochangia, kila mmoja ni kama 5,200. Mchango huo ni mzuri, mradi mkubaliane mapema nani anashika rimoti na nani analeta petroli. Nimeona michango mingi ya namna hii ikivunjika kwa sababu ya lita moja, sijaona hata mmoja uliovunjwa na abonema.

Ukumbi wa video, kwa bei pekee, unashinda njia zote za kutazama mbio nzima: mchujo na mbio, faranga 2,000, na umeme ni shauri la mwenye ukumbi. Tatizo ni mpira. Kwenye ubao wa chaki nje ya ukumbi utasoma Ligi ya Uingereza, Ligi ya Uhispania, Mazembe, Lupopo, na kama kuna nafasi chini kabisa, filamu ya vita. Kijana anamwendea mwenye ukumbi: «Papa, leo utatuwekea Formula?» Anajibiwa: «Mwanangu, nihesabie kwanza mko wangapi.» Jibu hilo ni la mfanyabiashara, na lina haki. Mechi ya Uingereza ya saa nane mchana kule, Jumapili, ni saa tisa kwetu, dakika zilezile ambazo taa nyekundu zinazimika Monza. Watu ishirini wa mpira hawawezi kuhamishwa na watatu wa magari.

Hata hivyo kuna mwanya. Juni na Julai ligi za Ulaya zimelala na ukumbi una benchi tupu, na katika miezi hiyohiyo kuna mbio za Austria, Uingereza, Ubelgiji. Ndipo pa kwenda kuzungumza na mwenye ukumbi. Msimwombe upendeleo. Mpelekeni watu kumi waliokwisha kulipa, wa mchujo na wa mbio, hela mkononi. Akionja Jumapili mbili za namna hiyo, Agosti atakumbuka. Wikendi ya Monaco mwambieni awashe Jumamosi kuliko Jumapili. Mitaa ile ni myembamba, kupitana ni shida, na anayeshika nafasi ya kwanza kwenye mchujo mara nyingi ndiye anayeshinda. Ndivyo ilivyokuwa 2023 kwa Verstappen, 2024 kwa Charles Leclerc na 2025 kwa Norris. Kama una faranga 1,000 tu kwa Monaco, itumie Jumamosi.

Simu ni njia ya walio peke yao. Picha ya kiwango cha chini, inayovuta megabiti 1.5 kwa sekunde, inakula megabaiti 675 kwa saa. Saa tatu za mchujo na mbio ni giga mbili, faranga 6,000. Wikendi nzima ni giga nne, 12,000. Ukiiacha simu ijichagulie ubora wa picha, itapanda yenyewe na hesabu hiyo itajirudia mara mbili, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuingia kwenye mipangilio na kuifunga chini. Huduma ya kulipia ya kutazama kwenye intaneti usiinunue kabla hujaona jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenye orodha yao ya nchi, kwa sababu haki za kuonyesha zimegawanywa nchi kwa nchi. Viungo vya wizi vinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp siviongelei sana: matangazo yao peke yake yanameza mega zako, na picha inaganda mzunguko wa mwisho. Kwenye minara dhaifu ni afadhali kungoja jioni, kuchukua muhtasari wa dakika saba, ambao kwa kiwango kilekile ni kama megabaiti 80, faranga 240. Ukipenda kufuata mbio zenyewe zikiendelea, sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 29 kwa saa. Mbio nzima kwa chini ya faranga 200! Nani aliongoza, nani aliingia kubadilisha matairi, nani kagonga ukuta, yote unayapata. Ushindi wenyewe utausikia pia kwenye habari za michezo za redio usiku au Jumatatu, na hapo hulipi kitu.

Kama ningelazimika kuchagua kwa mtu asiye na vifaa vyovyote, ningemwambia: Ijumaa soma matokeo tu, Jumamosi na Jumapili nenda ukumbini pale mpira unaporuhusu, na pale usiporuhusu sikiliza sauti kwenye simu kisha tazama muhtasari usiku. Hiyo haifiki faranga 3,000 kwa wikendi. Abonema ni ya kundi, na ni ya Novemba.

Inabaki ndoto ya kuyaona magari kwa macho. Afrika haijaandaa Grand Prix ya Formula One tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Desemba 2024 Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa. Miezi miwili baadaye, baada ya waasi wa M23, ambao serikali yetu inasema wanasaidiwa na Rwanda, kuingia Goma, waziri wetu wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner alimwandikia mkuu wa Formula One, Stefano Domenicali, akitaka mazungumzo na Rwanda yasimamishwe. Kwa mtu wa Tanganyika, Kigali ingekuwa Grand Prix ya karibu kuliko zote duniani kwa kilomita, na ya mbali kuliko zote kwa mengine.

Kilichopo, na kinachofikika, ni Safari Rally ya Kenya. Si Formula, ni magari ya vumbi, lakini ni mashindano ya dunia, yaliyoanza 1953 na kurudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021. Ya 2025 ilikuwa tarehe 20 hadi 23 Machi, hatua 21, zaidi ya kilomita 380 za kushindana, na Elfyn Evans akashinda kwa Toyota. Kwa mnunuzi, tofauti kubwa iko kwenye kiingilio. Kwenye sehemu nyingi za watazamaji kando ya hatua za Naivasha watu wamekuwa wakisimama bure, wakati uwanja wa Grand Prix hauna mlango usio na tiketi. Upungufu wake ni kwamba kila gari linapita mbele yako mara moja, sekunde chache na wingu la vumbi, kisha unangoja hadi hatua hiyo irudiwe baadaye. Pale Spa yanakupita mara 44.

Gharama yako yote basi ni safari. Boti kutoka Kalemie hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 120 za ziwa. Halafu mabasi: Kigoma hadi Mwanza, Mwanza hadi Sirari mpakani, Sirari hadi Nairobi, na matatu hadi Naivasha. Weka siku tatu au nne za kwenda kama hakuna kilichokwama, na nyingine kama hizo za kurudi, pamoja na malazi, kwa sababu wiki ya rally nyumba za wageni za Naivasha hupanda bei. Lala Nakuru au Gilgil uje asubuhi. Pasi na kadi ya njano ya chanjo viwe mkononi, na pita ofisi ya uhamiaji, DGM, mapema uulize masharti ya mwaka huo ya kupita Tanzania na kuingia Kenya. Wakienda wanne, wakapika wenyewe na kulala chumba kimoja, hela kubwa itaishia kwenye mabasi. Boti isiwekwe siku ya mwisho kabisa kabla ya hatua ya kwanza, maana ziwa likichafuka hakuna nahodha atakayeondoka kwa sababu ya rally.